Mchezaji Si Gunia la Mahindi

(Hotuba iliyosomwa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti wa Chama chetu, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mlioketi huko nyuma mkisikiliza kwa sikio moja huku sikio la pili likiwa jikoni:

Ndugu Katibu aliponiandikia aliniwekea masharti mawili: nisizidi nusu saa, na nisiingize siasa. Nikamjibu kwamba nitazungumzia michezo. Akafurahi sana, nadhani kwa kuwa alitegemea nizungumzie Simba na Yanga. Naomba anisamehe. Nitazungumzia mchezo ambao hapa shuleni haujapata kuchezwa hata siku moja, nao ni besiboli ya Marekani. Tena sitazungumzia mchezo wenyewe sana, bali maneno yanayosemwa na mashabiki wake wakati mchezo umelala. Nina sababu yangu ya kuyaleta maneno hayo hapa, na mtaiona kabla kengele haijalia.

Kwanza niueleze mchezo kwa ufupi. Ni binamu wa kriketi. Timu ni mbili, watu tisa kila upande. Mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwenzake wa upande wa pili anaungoja na gongo mkononi. Akiupiga vizuri anakimbia kuvizunguka vituo, na akifika salama pale alipoanzia, timu yake imepata alama moja. Ligi kuu ina timu 30, 29 za Marekani na 1 ya Kanada. Kila timu hucheza michezo 162, tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Oktoba ni mwezi wa fainali. Kisha baridi huingia, viwanja hufungwa, na hakuna mpira tena mpaka Februari, timu zinapokwenda kufanya mazoezi kwenye jua la Florida na Arizona.

Katika miezi hiyo ya baridi viongozi wa klabu hufanya biashara, na mashabiki hufanya mjadala. Wamarekani wenyewe huuita mjadala huo Ligi ya Jiko la Moto. Jina hilo limetokana na desturi ya zamani ya watu wa vijijini kuketi dukani wakati wa theluji, wakilizunguka jiko la chuma, na kubishana juu ya timu yao. Majiko yale mengi hayapo tena, lakini ubishi upo.

Ninyi vijana mnaujua usajili wa mpira wa miguu: klabu inamtaka mchezaji, inalipa fedha, mchezaji anahama. Katika besiboli kuna njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni kumsajili mchezaji huru, yaani aliyemaliza mkataba wake na ambaye anaweza kwenda anakotaka. Njia ya pili ni kubadilishana. Klabu moja inampa mwenzake wachezaji wawili, inapewa mmoja. Au inatoa mmoja maarufu na kupewa vijana wanne wasiojulikana. Ni kama sokoni: nipe mbuzi wako, nikupe kuku watano. Shabiki hulala akiwa na mchezaji ampendaye, akaamka na kukuta kabadilishwa.

Mimi nilifika Boston mwezi Agosti mwaka 2003 kwa masomo. Jioni nilikuwa na kibarua cha kupanga mizigo katika ghala moja. Wakati wa mapumziko tulikutana chumba cha chai, na humo ndimo nilimofundishwa besiboli. Walimu wangu walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa mzee aliyekuwa amestaafu kazi ya kuendesha treni za chini ya ardhi, sasa akilinda lango la ghala. Wa pili alikuwa mama mmoja karani wa mizigo. Wa tatu alikuwa kijana mwanafunzi wa hesabu, ambaye mfukoni hakukosa karatasi iliyojaa takwimu. Wote watatu walikuwa watu wa timu moja, Boston Red Sox, na sikupata kuwasikia wakikubaliana.

Ili muelewe uchungu wao, sharti mjue kwamba timu yao ilichukua ubingwa mwaka 1918, na tangu hapo haikuupata tena. Mwishoni mwa mwaka 1919 mwenye timu alimwuza Babe Ruth, mchezaji ambaye wengi humhesabu kuwa mkubwa kuliko wote katika historia ya mchezo huo, kwa New York Yankees. Bei ilikuwa dola 100,000, pamoja na mkopo. Hakuna hata mchezaji mmoja aliyepokewa badala yake. Ruth akaenda New York akawafanya Yankees kuwa mabingwa mara nne; Boston wakabaki na hadithi. Mama karani alikuwa akiizungumzia biashara ile kwa hasira, kana kwamba fedha zilitoka kwenye mkoba wake, nayo ilifanyika kabla baba yake hajazaliwa.

Basi Oktoba ile ya 2003, Boston na Yankees walikutana katika mchezo wa saba, mshindi aende fainali. Boston waliongoza, wakasawazishiwa, wakafungwa usiku wa manane. Siku iliyofuata ghala lilikuwa kama nyumba yenye msiba. Watu waliamkiana kwa kichwa tu. Lakini baada ya wiki chache mzee wa lango aliingia chumba cha chai, akaweka kikombe mezani, akauliza: “Sasa tunamleta nani?” Matanga yakawa yamekwisha.

Nataka msikilize ubishi wa majira yale, maana una mafunzo.

Siku ya 28 Novemba klabu ilimpata Curt Schilling, mrushaji mashuhuri, kutoka Arizona. Kwa ajili yake ilitoa vijana wanne. Kijana wa hesabu alifurahi, akatueleza kwa namba kwa nini mzee wa miaka 37 anaweza kuwa na faida kuliko vijana wanne. Mama karani aliuliza kama magoti ya mtu wa miaka 37 nayo yamepigiwa hesabu. Mzee wa lango aliuliza jambo jingine kabisa: “Wale wanne, kuna aliyewauliza?” Wakacheka. Mimi nilidhani ni mzaha.

Halikuwa swali la mzaha. Schilling aliulizwa. Mkataba wake ulikuwa na kifungu kwamba hahamishwi bila ridhaa yake, kwa hiyo viongozi wa Boston walisafiri hadi nyumbani kwake Arizona, wakaketi naye siku ya sikukuu, wakajadiliana mpaka akakubali. Wale vijana wanne walipewa habari tu. Biashara ni moja, siku ni moja, lakini mtu mmoja alikuwa na neno na wanne hawakuwa nalo. Tofauti yao haikuwa kipaji peke yake. Ilikuwa ni mstari mmoja katika karatasi.

Desemba ikaja na jambo kubwa zaidi. Boston walikuwa na mpigaji hodari, Manny Ramirez, mwenye mkataba wa miaka minane wa dola milioni 160. Klabu iliuona mkataba huo kuwa mzigo, hata Oktoba ile ilitangaza kwamba klabu yoyote iliyo tayari kuubeba mkataba wake imchukue bure. Hakuna aliyenyoosha mkono. Sasa wakataka kumbadilisha na Alex Rodriguez wa Texas, aliyekuwa na mkataba mkubwa kuliko wote wakati huo, dola milioni 252 kwa miaka kumi. Kama Rodriguez angekuja, Nomar Garciaparra, aliyecheza nafasi hiyohiyo, angeondolewa apelekwe Chicago. Garciaparra alikuwa kipenzi cha mji mzima. Mama karani alikuwa na fulana yake namba 5, na mtoto wake alikuwa na ya kwake. Bwana huyo alikuwa amefunga ndoa mwezi uliotangulia tu, na huku jina lake likipigwa mnada katika kila redio ya mji.

Rodriguez alitaka kuja Boston kiasi kwamba alikubali mkataba wake upunguzwe kwa mamilioni ya dola. Hapo chama cha wachezaji kikaingia kati, kikasema hapana. Mkataba wa pamoja baina ya wachezaji na wenye timu haukuruhusu thamani ya mkataba wa mtu kupunguzwa bila yeye kupata faida inayolingana na anachopoteza. Biashara ikavunjika. Februari 2004 Rodriguez akaenda kwa nani? Kwa Yankees.

Ndugu zangu, chumba cha chai kilitaka kupasuka. Kijana wa hesabu alitupa karatasi yake chini. Alisema chama cha wafanyakazi hakina kazi ya kumzuia mtu kupunguziwa fedha anazopunguza kwa hiari yake. Mama karani, ambaye siku zote alikuwa akimpinga kijana, siku hiyo alimwunga mkono. Watu wote walikuwa upande mmoja, na upande wa pili alibaki mzee wa lango peke yake.

Alisubiri wanyamaze. Kisha akasema, na nayaeleza kwa maneno yangu: “Leo tajiri huyu anapunguza kwa hiari. Kesho watamwita kijana asiye na jina, wamwambie, hata Rodriguez alipunguza, wewe ni nani? Mlango ukishafunguliwa kwa mkubwa, wadogo ndio watakaopitishwa kwa nguvu.” Halafu akatuuliza kama tunamjua Curt Flood. Mama karani alilijua jina. Kijana na mimi hatukulijua. Basi mzee akatusimulia, na baadaye nilikwenda maktaba kusoma zaidi, nikakuta mambo ni kama alivyosema.

Curt Flood alikuwa mtu mweusi, aliyezaliwa Houston mwaka 1938, akakulia Oakland. Alicheza St. Louis kwa miaka 12. Alikuwa mdakaji wa uwanja wa kati, hodari sana. Alishika tuzo ya udakaji miaka saba mfululizo, na alikuwamo katika timu iliyochukua ubingwa mwaka 1964 na 1967. Oktoba 1969 aliambiwa kwa simu kwamba amebadilishwa, aende Philadelphia. Hakuna aliyemwuliza. Wakati ule sheria ya mchezo ilikuwa na kifungu cha tangu karne ya kumi na tisa: mkataba wa mchezaji ukiisha, klabu ina haki ya kuurefusha. Klabu zilikifasiri kifungu hicho kwamba zinaweza kuurefusha tena na tena, bila mwisho. Kwa hiyo mchezaji alikuwa mali ya klabu mpaka wachoke naye. Akikataa kwenda alikouzwa, njia iliyobaki ni kuacha kucheza.

Flood alikataa. Tarehe 24 Desemba 1969 alimwandikia barua mkuu wa ligi, akimweleza kwamba baada ya miaka 12 hajioni kuwa kitu cha kununuliwa na kuuzwa bila kujali matakwa yake, na kwamba anaomba klabu nyingine zielezwe kuwa yuko huru. Alikataliwa. Akaishitaki ligi mahakamani. Watu walimwuliza anawezaje kulalamika naye analipwa dola 90,000 kwa mwaka. Alijibu kwamba mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa.

Sikilizeni sana hapa, wanafunzi wenzangu wa zamani. Kesi iliposikilizwa New York mwaka 1970, hakuna mchezaji hata mmoja aliyekuwa bado anacheza aliyekwenda kumtolea ushahidi. Chama chao kilimlipia mawakili, lakini wenyewe hawakuonekana. Siwalaumu kwa wepesi. Walikuwa na watoto wa kulisha, na wenye timu walikuwa wanatazama. Waliokwenda ni wale walioacha kucheza zamani. Alikwenda Jackie Robinson, yule aliyevunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu mwaka 1947. Alikwenda Hank Greenberg, ambaye Detroit walimwuza kwa Pittsburgh mwaka 1947, wala hakuwa ameomba kuondoka. Watu hawa hawakuwa na faida yoyote ya kupata. Walikuwa wamekwisha toka nje ya lango. Na kwa kuwa walikuwa nje ya lango, waliweza kusema yale ambayo waliokuwa ndani waliogopa kuyasema.

Flood alishindwa. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ilitoa hukumu dhidi yake kwa kura 5 kwa 3. Alikuwa amepoteza msimu mzima wa 1970. Mwaka 1971 alijaribu kurudi, akacheza michezo 13, akaacha. Lakini jambo lilikuwa limekwisha anza. Mwaka 1973 wenye timu walikubali kwamba mchezaji aliyetimiza miaka kumi katika ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa na klabu moja, asihamishwe bila ridhaa yake. Tarehe 23 Desemba 1975 msuluhishi aliamua, katika shauri la wachezaji wengine wawili, kwamba klabu inaweza kuurefusha mkataba mwaka mmoja tu, na baada ya hapo mtu yu huru. Hapo ndipo alipozaliwa huyu mchezaji huru ambaye mashabiki humgombania kila baridi. Flood mwenyewe hakupata hata senti moja ya uhuru huo. Alifariki Januari 1997, akiwa na miaka 59. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria yenye jina lake.

Mzee alipomaliza, mama karani alimwuliza: “Kwa hiyo tusimtake Rodriguez?” Akajibu: “Mtakeni sana. Mimi mwenyewe namtaka. Lakini tukimtaka mtu, tukumbuke kwamba ni mtu.”

Mtanisamehe nikiwaeleza mwisho wa hadithi ya timu, maana najua vijana watanifuata jikoni kuniuliza. Julai 2004 Garciaparra alihamishwa kweli. Mama karani alilia mbele yetu bila kuona haya, na fulana namba 5 hakuivua. Oktoba walikutana tena na Yankees, wakafungwa michezo mitatu ya kwanza. Hakuna timu iliyokuwa imewahi kutoka shimo hilo. Boston walishinda minne mfululizo. Kisha wakaingia fainali na kuwafunga St. Louis minne kwa bila, na ubingwa ukarudi baada ya miaka 86. Mpira wa mwisho ulidakwa na Keith Foulke, aliyesajiliwa baridi ileile tuliyobishana, akamtupia Doug Mientkiewicz, aliyeletwa siku Garciaparra alipoondolewa. Schilling, mzee wa magoti, alikuwa ameshinda michezo 21 katika msimu, na katika fainali alirusha huku kifundo cha mguu wake kimeshonwa na daktari. Na mchezaji bora wa fainali alikuwa nani? Manny Ramirez, yule aliyetangazwa achukuliwe bure na hakuna aliyemchukua.

Kijana wa hesabu aliitazama karatasi yake akasema hilo halikuwamo.

Nilirudi nyumbani mwaka 2008, lakini wale watatu tuliendelea kuandikiana kila baridi. Februari 2020 Boston walimtoa Mookie Betts, kijana waliyemlea wenyewe, aliyekuwa mchezaji bora wa mwaka 2018, wakampeleka Los Angeles. Alichukua ubingwa huko mwaka uleule, akauchukua tena 2024 na 2025. Mama karani aliniandikia kwamba wajukuu wake nao sasa wana Babe Ruth wao. Na Desemba 2023, Shohei Ohtani wa Japani aliposaini na hao hao Los Angeles mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka kumi, dunia nzima ilishika kichwa. Kijana wa hesabu, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi, akaniandikia: soma ndani. Nikasoma. Katika miaka hiyo kumi atalipwa dola milioni 2 tu kila mwaka. Milioni 680 zilizobaki atalipwa kuanzia 2034 hadi 2043, bila riba. Sisemi kwamba ni mkataba mbaya; yeye mwenyewe alitaka hivyo ili klabu ipate nafasi ya kusajili wengine. Ninachosema ni kwamba namba iliyo kwenye kichwa cha habari na namba iliyo ndani ya karatasi ni vitu viwili, na Ohtani alivijua vyote viwili kabla ya kuishika kalamu.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nakuja nyumbani.

Sisi watu wa shule hii tunafanana na wale mashabiki kuliko tunavyofikiri. Kila mwaka shule yetu inapoteza timu yake nzima. Kidato cha nne kinatoka, kidato cha kwanza kinaingia. Walimu tuliowapenda walipata uhamisho, wakafunga virago katikati ya muhula, tukawasindikiza hadi kituo cha basi. Waliokuwa kwenye timu yetu wakati wangu hawapo hata mmoja uwanjani leo, na bado tunasema “tumeshinda” timu ya shule inaposhinda. Hilo si kosa. Ni mapenzi, na shule isiyo na watu wa kubisha juu yake imekufa.

Lakini kubishana peke yake hakutoshi. Mwaka juzi nilikutana na kijana aliyemaliza hapa, mchezaji mzuri wa mpira; baadhi yenu mlimshangilia. Alikuwa amesaini na klabu fulani kwa miaka mitatu. Nikamwomba niuone mkataba wake. Hakuwa na nakala. Nikamwuliza mshahara umeandikwa kiasi gani. Akasema aliambiwa kwa mdomo. Nikamwuliza akiumia mguu nani atamtibu. Alinitazama tu. Alikuwa amekaa miezi mitano bila kulipwa, na alipotaka kuondoka aliambiwa kwamba hawezi, yeye ni mali yao. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu, mali, na nikamkumbuka Curt Flood. Na si wachezaji tu. Wapo vijana wetu waliosaini kwenda kufanya kazi ng'ambo, katika karatasi iliyoandikwa kwa lugha wasiyoisoma, wakaachia pasi zao mikononi mwa watu.

Ninyi vijana mna bahati ya kujua kusoma. Walimu hawa wamewafundisha Kiswahili na Kiingereza, wamewafundisha hesabu za asilimia. Itumieni elimu hiyo siku ya kwanza mtakapoletewa karatasi. Ulizeni mambo manne. Ni kwa muda gani? Nalipwa nini, na lini? Nikiugua au nikiumia, nani anabeba gharama? Na nikitaka kuondoka, naondokaje? Kisha msiondoke bila nakala. Mtu akiwaambia kwamba hakuna wakati wa kusoma, mjue kwamba ana sababu ya kuwaharakisha.

Na sisi wa zamani, ambao tumekwisha toka nje ya lango: tuwe kama Robinson na Greenberg. Kijana aliye ndani ya klabu au ndani ya kazi anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Sisi hatuna la kuogopa. Katika bwalo hili nawaona mawakili watatu, wahasibu sijui wangapi, makatibu wa vyama vya wafanyakazi, mabaharia na mahakimu wastaafu. Napendekeza, Ndugu Mwenyekiti, na naomba iandikwe katika kumbukumbu za mkutano, kwamba Chama chetu kiteue kamati ya watu watano. Kazi yao iwe moja: mwanafunzi yeyote anayetoka shule hii, akiletewa mkataba wa kwanza wa maisha yake, awe na mahali pa kuupeleka usomwe bure kabla hajasaini. Na akidhulumiwa, awe na wazee wa kwenda kusimama naye. Haitatugharimu kitu ila jioni chache. Mimi nimekwisha liandika jina langu, la kwanza, katika karatasi iliyopo mezani kwa Katibu. Nafasi nne zipo wazi.

Endeleeni kubishana juu ya Simba na Yanga, na nani asajiliwe na nani aachwe. Ubishi ni mtamu na mimi mwenyewe siuachi. Lakini kila mtakapotaja jina la mchezaji anayehamishwa, mwulize mwenzenu lile swali la mzee wa lango: kuna aliyemwuliza?

Naona mpishi amechungulia mlangoni mara mbili, na Ndugu Katibu anaitazama saa yake.